Mkwe Chini ya Maji

Vijana wangu wa kituoni, mliniaga vizuri. Keki ya umbo la kasa ilikuwa tamu, ingawa kichwa chake kilipotea kabla ya hotuba na aliyekila hajajitokeza mpaka leo. Mkasema niandike niliyoyaona kazini, mpate kuyasoma siku za bahari chafu, wageni wanapokosekana na nyie mmejilaza mnachezea simu. Basi nimekaa barazani kwangu Madale, huku kilimani, ambako majirani wananijua kama mama wa kuku wa mayai. Nikiwaambia nimefundisha watu kuzama baharini na kutazama matumbawe, wananipa pole.

Vyeo na mshahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Mliniuliza pia siri ya kazi. Siri ni moja tu, usizuie pumzi. Mengine yote ni maelezo yake.

Nilifika kituoni Mbezi Beach nikiwa binti wa Temeke niliyejua kuogelea kwa bahati mbaya. Kaka zangu walikuwa wanatoroka kwenda kuogelea, mama akinituma niwarudishe, na kwa kuwa hawakuwa wanatoka majini kwa kuitwa, ikabidi niwafuate humo humo. Kazi yangu ya kwanza haikuwa kuzamia. Nilisuuza nguo za mpira, miwani na mapezi kwenye pipa la maji baridi ili chumvi isivile. Nguo ya mpira iliyovaliwa na mtu mwoga ina harufu yake. Wenyewe mnaijua, na bado hakuna sabuni iliyoishinda.

Aliyenifundisha ni Bwana Chitanda, mtu wa Lindi, mfupi, mwenye sharubu nene. Miwani ya kuzamia haipatani na sharubu. Maji yanapita humo kama kwenye chujio. Tulimshauri azinyoe. Yeye alikuwa radhi kuinywa bahari yote kuliko kuzinyoa. Alikuwa amezoea kuongea kwa mikono hata nchi kavu. Akitaka chai anaashiria. Mkewe alituambia kwamba wakigombana, mzee ananyoosha kiganja kuwa simama hapo hapo, halafu anaelekeza kidole juu kuwa yeye anaondoka zake. Mama wa watu alisema ni afadhali angetukana, angalau angepata la kujibu.

Siku ya kwanza aliniambia nitemee mate miwani yangu, niyapake kwenye kioo, nisuuze. Mmezoea, kwenu ni jambo dogo. Mimi nililelewa na bibi aliyeamini kwamba kutema mate mbele ya mkubwa ni kumtukana. Nikageuka pembeni, nikatema kidogo kama ndege. Tukazama. Nilichokiona siku yangu ya kwanza chini ya bahari ni ukungu. Bwana Chitanda ananionyesha huku chewa, huku kasa, mimi naitikia kwa kichwa tu kwa heshima. Tulipotoka akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona mengi. Akanitazama, akanirudishia miwani, akatema mate mchangani kunionyesha kipimo. Toka siku hiyo adabu ya bibi niliiacha ufukweni pamoja na viatu.

Mwamba wetu wa kufundishia tuliuita Chekechea, na jina hilo nimefurahi kwamba mmelitunza. Ni mwamba mpole. Chini kuna mchanga mweupe wa kupigia magoti, matumbawe yanaanzia kina ambacho ukitazama juu bado unaliona tumbo la boti, na mkondo wake una adabu mpaka maji yanapogeuka. Kitatange wa pale wamezoea watu hadi wanakera. Hata hivyo mwanafunzi mpya haoni samaki. Anatazama geji yake ya hewa kama mtu anayetazama mita ya luku siku ya mwisho wa mwezi.

Wa Dar wana tatizo lao la pekee, nalo ni dole gumba. Kwetu dole juu ni poa, mambo safi. Chini ya maji dole juu ni tupande, twende zetu juu. Unaweza kulieleza hilo asubuhi nzima. Nilikuwa na baba mmoja wa Madale huku huku, tukifika chini namuuliza kwa ishara kama yuko salama, ananipa dole. Nampandisha. Juu nauliza kulikoni, anasema, "Mwalimu, mie nilikuwa naenjoi." Tunashuka. Namuuliza, ananipa dole. Alipanda na kushuka hivyo mpaka muda wake ukaisha, na ile sehemu ya katikati anaijua kuliko sisi sote.

Sasa niwaelezee kesi ngumu kuliko zote, ile ya Kimbiji. Mnaisikia kwa vipande, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi.

Kimbiji kulikuwa na kikundi cha wanakijiji waliookoa mwamba wao. Zamani wavuvi wa baruti walikuwa wameuvunja vunja. Kikundi kikatengeneza fremu za saruji, kikafungia vipande vya matumbawe vilivyo hai, kikavilinda miaka mingi mpaka samaki wakarudi. Mwamba uliporudi kuwa mzuri, hoteli moja ya upande ule ikautamani iwalete wageni. Serikali ya kijiji ikaamua kwamba kikundi kitaongoza wageni chenyewe, mradi kiwe na watu wake wawili wenye cheti cha kuzamia kabla msimu haujaanza. Kikikosa, hoteli italeta waongozaji wake, na kikundi kitabaki kutazama kutoka ufukweni. Ndipo wakatuita.

Tulikwenda na pikapu, nyuma tumepakia vifaa. Njiani askari wakatusimamisha, wakauliza tumebeba nini. Dereva wetu, mgeni wa kazi, akajibu kwa kujiamini, "Mitungi ya hewa na mikanda ya risasi, afande." Alimaanisha vile vipande vya madini ya risasi tunavyojifunga kiunoni ili tusielee. Tulishushwa sote haraka sana. Ilibidi nijifunge mkanda mmoja na kuigiza mtu anayezama pale barabarani, na nadhani walituruhusu kuendelea na safari kwa huruma tu.

Kimbiji wakajitokeza wengi. Mmoja masikio yalimsumbua, daktari akamkatalia. Mama mwingine alichokoa pweza miaka yote kwenye maji ya magotini lakini kuingiza uso majini akasema hapana, uso ni wake. Wengine walishindwa mtihani wa kuogelea. Baada ya wiki wakabaki wawili. Wa kwanza alikuwa Bi Hadija, mama wa makamo, mchokoa pweza naye, mwenye mapafu ya ajabu na maneno machache. Wa pili alikuwa Selemani, kijana wa bodaboda, mwepesi majini, mcheshi. Wawili wanaohitajika, wawili waliobaki. Nikasema Mungu amependa, nikawafanya jozi.

Mnajua kazi yetu inavyokwenda. Mzamiaji haendi peke yake. Kila mmoja ana mwenzake, wanakaguana kabla ya kuingia, wanatazamana chini, na mmoja akiishiwa hewa anapumua kwenye kinywa cha akiba, kile kifaa cha pili cha kupumulia kilichoungwa kwenye mtungi wa mwenzake.

Hawa wangu walikuwa na mambo. Kwenye boti mmoja anakaa mbele, mwingine nyuma, kila mtu na upeo wake wa macho. Kuongea hawaongei, ila kupitia kwangu.

"Mwalimu, mwambie mama mapezi yake yale pale."

"Mwalimu, mwambie asante, nimeyaona."

Wako hatua mbili, na mimi katikati kama mnara wa simu. Nikadhani wamegombana mambo ya kikundi. Ugomvi wa vikundi naujua, nikaamua usinihusu. Kwenye kina kifupi walifanya vizuri kila mmoja kivyake, nami nilikuwa karibu sana nao, sikuona dosari.

Siku ya kwanza ya kushuka mwambani niliwaacha wakaguane wakati mimi napanga kamba ya nanga na nahodha. Selemani akainua mkono kuwa tayari. Tukashuka. Maji yalikuwa safi, pono wanatafuna matumbawe mpaka unawasikia. Nimetangulia kidogo, nageuka kuhesabu vichwa, namwona Bi Hadija ananijia mbio kwa mateke ya nguvu, macho makubwa, mkono unakata shingoni, ile ishara ya hewa hakuna. Alimpita Selemani. Alimpita karibu kabisa, akaja kwangu niliyekuwa mbali. Nikampa kinywa changu cha akiba, nikamshika, tukapanda polepole, akafika salama akikohoa kidogo.

Kwenye boti nikaukagua mtungi. Umejaa, lakini koki imefunguliwa nusu. Bi Hadija akanieleza kwa utulivu kwamba wa gesi nyumbani huufungua hivyo hivyo, usiishe haraka. Na kosa hilo juu ya maji huligundui, unapumua vizuri tu. Ukishuka, hewa inakuwa ngumu kuvuta, kama juisi kwenye mrija uliobanwa. Kuna njia moja ya kulijua mapema. Mwenzako anatazama geji yako huku unapumua. Mshale ukitulia, sawa. Mshale ukicheza, koki haijafunguka.

Tulipofika ufukweni nikamwita Selemani pembeni.

"Ulitazama geji yake?"

"Nilitupia jicho, mwalimu."

"Mshale ulikuwa unacheza?"

"Ulikuwa unacheza."

"Sasa mbona hukumwambia?"

Akatazama mchanga. "Nilikuwa nakusubiri uje, umwambie wewe."

Nilikasirika, msinione mtu wa mzaha. Nilisema maneno ambayo bibi yangu angeyawekea pilipili. Katikati ya maneno hayo akaja binti mmoja mjamzito, kabeba hotipoti, akanisalimia, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba usimgombeze sana. Yule mama yangu, na huyu mume wangu."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Mimi nimezaliwa Temeke lakini wazee wangu ni watu wa kusini, na mila yao ni kama ya hao. Marehemu mume wangu alikuwa akimwona mama yangu sokoni, anavuka barabara. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kula sahani moja naye wala kumtazama usoni, na siyo kwamba walichukiana; walipendana sana. Mkwe ni heshima. Sasa chukua mtu wa namna hiyo, mwambie ashike mikanda ya kifuani kwa mama mkwe wake, aitazame geji inayoning'inia hapo hapo kifuani, wakaziane macho, kisha mmoja aweke mdomoni kitu kinachotoka kwa mwenzake. Selemani alikuwa amefanya kila alichoweza. Alitupia jicho, akaona aibu, akasubiri mtu wa tatu. Na chini ya maji mtu wa tatu hayupo. Bi Hadija naye, kifo kikimtazama, akachagua kunifuata mimi kuliko kumshika mkwewe.

Walijua nini kingetokea wangeniambia mapema. Ningewatenganisha, na kikundi hakina mtu mwingine. Ndiyo maana walinificha.

Nikawaita wote watatu chini ya kivuli cha banda la nyavu. Nikasema, "Mimi siwezi kusaini cheti cha mtu atakayempita mwenzake akienda kufa. Mtashikana, au nafunga vifaa narudi Mbezi. Wageni mtakaowaleta huku msimu huu nao wana mama zao."

Bi Hadija alikuwa anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua. Selemani alikuwa amegeukia baharini. Nikamhurumia yule mama, nasema kweli. Mwamba ule alikuwa ameufungia matumbawe kwa mikono yake mwenyewe, na sasa kilichokuwa kinamnyima ni adabu aliyofundishwa na watu wazuri.

Binti, Zainabu, ndiye aliyeanza kusema. "Mama, mie nataka mama yangu arudi na mume wangu arudi. Wote. Watu wakisema, waje waniulize mie niliyewakutanisha."

"Zainabu," mama yake akasema, "mambo hayafanywi hivyo."

"Yanafanywaje?"

Bi Hadija akafikiri. Kisha akasema, kwa kumwambia binti yake huku akijua fika nani anasikia, kwamba mambo ya haya na heshima yana njia yake. Mtu haingii tu. Anabisha hodi.

Jioni hiyo shangazi yake Selemani akaenda kwa Bi Hadija na doti ya kanga, kumwombea kijana ruhusa ya kumgusa mkwewe kwa ajili ya kazi, majini tu. Selemani aliichagua kanga kwa rangi bila kusoma maandishi, na maandishi yalikuwa ya kumpiga kijembe mke mwenza. Bi Hadija, ambaye hana mke mwenza, alisoma maandishi mpaka mwisho, akaipokea. Asubuhi yake akaja botini kajifunga kipande kimoja juu ya nguo ya mpira. Mimi nilielewa, na Selemani alielewa.

Tulianzia mchangani, nchi kavu. Kukagua. Selemani alishika mikanda kwa ncha za vidole, kama mtu anayetegua bomu. Alifumba macho. Nikamwambia geji haisomwi kwa kufumba macho. Akafumbua. Bi Hadija alisimama wima, anatazama minazi, anapumua kwenye kinywa kwa nguvu ili mshale uonekane. Mara ya tatu hivi akasema, akiendelea kutazama minazi, "Mkanda wa mtungi haujakaza."

Hakusema mwalimu mwambie. Selemani akakaza.

Tulirudia siku kadhaa. Bwana Chitanda alikuwa ananiambia kwamba mwanafunzi hafundishwi kwa kuelezwa, anafundishwa kwa kuchoshwa, na nadhani aibu nayo inachoka. Nililiona hilo kwa macho. Mwanzo walikuwa wanagusana kama wanaogusa sufuria ya moto, mwisho wakawa wanakaguana huku wanawaza chakula cha mchana.

Lakini kugawana hewa walikuwa hawajafanya kwa moyo. Kinywa cha akiba Bi Hadija alikuwa anakitoa akishika bomba lake, anakisogeza kwa vidole viwili, anageuza uso. Selemani anakipokea, anakifuta kwanza. Chini ya maji anakifuta. Nilikuwa nina wasiwasi na siku ya mtihani, wala siwafichi.

Siku yenyewe ikafika. Kikundi chote kilikuja ufukweni, mwenyekiti wa kijiji pia, na yule mama aliyesema uso ni wake akaja na kiti chake. Tukashuka watatu. Niliwaambia mapema kwamba safari hii nitakaa mbali, nitatazama tu. Walikagua mwamba, walipita juu ya fremu zao za saruji, na nilimwona Bi Hadija akisimama juu ya tumbawe moja kubwa akalitazama kwa muda, la kwake bila shaka. Kisha nikatoa ishara kwa Selemani ya kuanza zoezi. Yeye ndiye ajifanye ameishiwa hewa.

Akatoa kinywa chake mdomoni, akakiachia, akakata shingo kwa mkono. Vizuri. Tatizo ni kwamba kinywa cha akiba cha Bi Hadija kilikuwa kimechomoka kwenye kishikizo chake, kimepeperukia nyuma ya mgongo. Alipapasa kifuani, hakuna. Selemani akaona hakuna. Akageuka kutafuta chake mwenyewe, nacho kimezunguka nyuma. Nikaona mapovu machache yakimtoka, kisha nikaona mabega yake yanapanda, na hapo nikajua zoezi limeisha na sasa ni kweli. Nikaanza kupiga mateke kwenda kwao. Nilikuwa mbali. Nilijiweka mbali mwenyewe.

Bi Hadija hakutafuta tena. Alimshika Selemani kwa mikanda ya kifuani akamvuta mpaka miwani zao zikagongana, akachomoa kinywa kilichokuwa mdomoni mwake mwenyewe, akamtia mdomoni na kumshikilia hapo. Selemani hakukifuta. Alivuta, akatoa, akavuta. Yule mama yeye alikuwa anaachia vipovu vidogo vidogo, polepole, kama nilivyomfundisha, hazuii pumzi, huku mkono wake mwingine ukizunguka nyuma kutafuta cha akiba. Akakipata. Akakipuliza, akapumua. Macho yake hayakumwachia mkwewe hata kidogo.

Nilipowafikia sikuwa na la kufanya. Nilielea pale kama mgeni. Akaniangalia, akanipa ile ishara ya kidole na gumba kukutana, kwamba wako salama, na wakapanda pamoja wameshikana mikono kiwikoni, mwendo wa polepole kabisa, wa kitabuni. Mimi nililia ndani ya miwani, na miwani ikajaa ukungu.

Zainabu alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni na tumbo lake. Habari ilikuwa imetangulia kwa simu ya nahodha, ambaye anatazama chini ya maji kwa kioo na hajui kutunza jambo. Tulipokanyaga mchanga, yule mama mwenye kiti akainuka.

"Hadija," akasema, "ni kweli tunayosikia? Umekitoa mdomoni mwako ukamtia mkweo mdomoni?"

Selemani akawa hana pa kuweka macho. Bi Hadija alivua miwani, akajifuta uso kwa ile kanga ya kijembe, akamwangalia mwenzake.

"Binti yangu wa kumzaa nilimpa," akasema. "Hewa ndiyo nimnyime?"